Vifaranga vya sato wanahangaika kwenye asetoni tupu, dawa haijawekwa

mtafiti_sato: Wakuu, salaam. Utafiti wangu wa shahada ya pili ni kuona saipamethrini, ile dawa ya kupulizia mbogamboga, inavyobadilisha uogeleaji wa vifaranga vya sato. Kwenye maji haiyeyuki vizuri, kwa hiyo naiyeyusha kwanza kwenye asetoni. Tangi ni la lita 20, naweka mililita 10. Sasa tangi lenye maji na asetoni tu, bila dawa, linanichanganya: kufikia asubuhi ya pili samaki wamejaa juu, midomo usawa wa maji, wanahema. Wa maji matupu wametulia chini. Nilitoe hilo tangi nilinganishe dawa na maji tu?

mama_matangi: Usilitoe, mwanangu! Ukilitoa, utaisingizia dawa makosa ya asetoni, na mkulima atakayesoma kazi yako atadanganyika.

Piga hesabu kwanza. Mililita 10 kwa lita 20 ni mililita 0.5 kwa lita. Mwongozo wa OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima kemikali, unataka kiyeyushi kisizidi mililita 0.1 kwa lita, yaani kwa tangi lako mililita 2. Tengeneza mchanganyiko mkali mara tano, uweke kidogo. Na asetoni iwe kiasi kilekile katika kila tangi la dawa, hata la dozi ndogo kabisa.

Huko kuhema juu, mimi nashuku oksijeni. Bakteria wanakula asetoni, na wakishiba hivyo oksijeni inakwisha. Pitisha kidole kwenye kioo kwa ndani. Kikiteleza kama kamasi, ndio hao. Pima oksijeni alfajiri, matangi yote, kabla ya kubadilisha maji.

jicho_la_samaki: Asije akakimbilia ethanoli, hiyo ni pombe. Kwa viluwiluwi vya samaki pundamilia, dozi ndogo inawachangamsha, kubwa inawalegeza. Anayepima mwendo itamchanganya zaidi.

mtafiti_sato: Shikamoo mama. Kioo kinateleza kweli. Nikiwasha pampu ya hewa?

mama_matangi: Marahaba. Washa, ila matangi yote, kwa nguvu ileile, maana mapovu nayo yanabadilisha wanavyoogelea. Njia ninayoipenda zaidi ni kupaka mchanganyiko ndani ya chupa ya kioo, kuacha asetoni ipae yote kwenye kabati la maabara linalovuta mvuke nje, ndipo utie maji na kukoroga muda mrefu. Saipamethrini hung'ang'ania kioo na plastiki, kwa hiyo pima iliyomo majini kweli, usiandike uliyokusudia kuweka.