Mama yuko ICU damu 7.8 na daktari anasema haongezewi, ni sawa kweli?

Binti_Moro: Habari zenu wadau. Mama yangu amelazwa ICU, nimonia kali na wanasema maambukizi yamesambaa mpaka kwenye damu. Wingi wa damu ulikuwa 9, leo 7.8. Mi na shemeji tumeshachangia, damu ipo, lakini daktari anasema tusubiri kwanza. Sasa mtu akipungukiwa damu si anaongezewa jamani? Nimechanganyikiwa.

nesi_wa_zamu: Pole sana dada. Mgonjwa wa ICU asiyevuja damu wengi tunasubiri ishuke chini ya 7. Canada walitoa utafiti 1999, wagonjwa 838, wengine waliongezewa ikishuka chini ya 10 wengine chini ya 7, na hao wa 7 hawakufa zaidi. 2014 nchi za Skandinavia wakapima kwa wenye hali kama ya mama, 7 na 9, matokeo yaleyale. Chupa moja inapandisha kama 1 tu halafu mapafu yenye nimonia yanaweza kujaa maji akashindwa kabisa kupumua, hicho ndo daktari anaogopa.

Baba Rehema: Sawa ila msishikilie namba tu. Wifi yangu alivuja damu baada ya kujifungua, kipimo kinasoma 10 na mtu anazimia, maana anayevuja namba inachelewa kushuka. Pale ni damu haraka. Na mwenye ugonjwa wa moyo hawasubiri mpaka 7. Mama moyo wake ukoje?

Binti_Moro: Ana presha, moyo sijasikia. Na hatoki damu popote, mbona inashuka?

nesi_wa_zamu: Ugonjwa wenyewe unazuia mwili kutengeneza damu, dripu zinaizimua, na vile vichupa vya vipimo vinavyochotwa kila siku navyo vinajumlishika. Mwambie daktari kuhusu presha na uliza kama moyo umepimwa. Mliyochangia haipotei, ikishapimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende inakaa kwenye friji wiki kadhaa. Siku akiongezewa nesi alinganishe jina na kundi kwenye chupa na la mgonjwa, akae naye zile dakika 15 za mwanzo. Akitetemeka, kiuno kikiuma au pumzi ikibana wafunge hapohapo.

Binti_Moro: Asante sana dada, na wewe Baba Rehema. Jioni wakiruhusu kuingia naanza na hilo la moyo.