Samadi ya kuku imeunguza chainizi, tuta nitaliokoaje?

Bustani_Ipuli
Habari wakuu. Niko Tabora mjini, udongo ni kichanga. Tuta la mita 5 kwa 1 limewekwa ndoo 4 za lita 20 za samadi iliyotoka bandani siku hiyohiyo, kesho yake miche ya chainizi ikahamishiwa. Siku ya tano kingo za majani zimekuwa kahawia, na mchana miche inalala hata ikimwagiliwa asubuhi. Ni ugonjwa au samadi? Iliyobaki nifanyeje?

Kitalu
Pole mkuu. Dalili ni za samadi mbichi, ila hakikisha kwanza. Chimbua mche mmoja na udongo wake, suuza mizizi kwenye ndoo ya maji. Ncha zikiwa kahawia na vile vinyweleo vyeupe havipo, mizizi imeungua. Ukikuta vifundo ni minyoo fundo, hayo ni mengine kabisa. Shina lililokatwa usawa wa ardhi ni kazi ya sota, kiwavi anayekata miche.

Samadi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe kwa sababu mkojo na kinyesi hutoka pamoja. Ikiwa mbichi hutoa amonia, na chumvi zake huinyima mizizi maji. Ndiyo maana mche unanyauka juu ya udongo uliolowa. Na umeweka nyingi mno. Ndoo moja ni kama kilo 8 hadi 10, kwa hiyo kila mita ya mraba imepata kilo 6 hadi 8. Iliyoiva inatosha kilo 1 hadi 2.

Leo kwangua samadi yote iliyo juu, hasa karibu na shina. Mwagilia ndoo 2 kwa kila mita ya mraba, rudia kesho, chumvi zishuke. Kichanga kinapitisha maji haraka. Tandaza nyasi juu ya vijiti iwe kivuli. Mche ambao jani changa la katikati bado ni bichi utapona. Uliokauka katikati ng'oa, na usirudishie mwingine kabla ya wiki 3.

Mzee_wa_Tuta
Changanya samadi na majivu, inapoa upesi.

Ujiji_Mboga
Hapana mzee wangu, shikamoo. Majivu yakikutana na samadi mbichi yanaifukuza amonia hewani, na hiyo ndiyo nitrojeni tunayoitaka kwenye majani. Majivu yaende tutani peke yake, siku nyingine.

Bustani, iivishe hivi: debe 1 la samadi kwa madebe 2 au 3 ya majani makavu, mabua yaliyokatwakatwa au maranda. Rundo lifike mita 1 kwenda juu, likiwa dogo halipati joto. Kamata konzi moja ukamue: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha, yakichuruzika, ongeza makavu. Chomeka fimbo hadi katikati, ichomoe baada ya dakika 10. Ikiwa ya moto, rundo linafanya kazi. Geuza kila wiki, ya nje iende ndani. Wiki 6 hadi 8 itanukia udongo. Pua ikiwasha, bado. Huku Kigoma masika bila turubai mvua inaosha yote. Kwenu kiangazi, bila turubai rundo linakauka na kusimama.

Na kwa kuwa uko Tabora: usitumie mabua wala vumbi la tumbaku kwenye rundo. Virusi vya batobato vinadumu ndani ya tumbaku kavu na vinahamia kwenye nyanya na pilipili, maana ni ukoo mmoja.

Bustani_Ipuli
Asante sana wakuu, mizizi kweli ni ya kahawia, vifundo hakuna. Kuku wale chainizi nilizong'oa?

Kitalu
Wape kama hujapulizia dawa. Kama umepulizia, soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, ukihesabu tangu ulipopulizia mara ya mwisho. Zisipoisha, tupia kwenye rundo. Dawa iliyo kwenye jani inaingia hadi kwenye yai.