Printa ya waifai nyumbani: chini inaonekana, juu haionekani, na sasa laptopu inaandika ofulaini

bi_kalamu
Wakuu habari zenu, naomba msaada maana hii ni siku ya tatu nahangaika. Tumenunua printa ya waifai, ile ya kuprinti na kuskani, nia yetu nyumba nzima tuitumie, mimi na mume wangu kila mtu ana laptopu yake na watoto wana simu zao za kufanyia kazi za shule. Siku ya kwanza nilivyoiunganisha ilikubali vizuri tu, laptopu yangu ikaiona nikatoa kurasa kama kumi hivi. Juzi umeme ukakatika, uliporudi printa ikawaka, taa yake ya waifai imetulia haipepesi, lakini laptopu inaandika ofulaini na dokumenti zimejipanga foleni hazitoki.

Halafu kuna hili lingine lilikuwepo hata kabla ya umeme kukatika. Binti yangu anakaa chumba cha juu, simu yake akiwa juu haijawahi kuiona printa hata mara moja, akishuka sebuleni inaiona, akipanda inapotea. Nilidhani ni umbali lakini waifai ya juu ni kali, kule tumeweka rauta ya pili ambayo kebo yake inatoka rauta ya chini, jina na paswedi tumeweka zilezile ili simu zihame zenyewe.

Nimeshafuta printa na kuiweka upya mara mbili. Laptopu zote ni Windows, simu ya binti ni Android, ya mume wangu ni iPhone. Je printa ni mbovu niirudishe nilikonunua? Mtoto ana kazi ya kukusanya Jumatatu na mimi ndo nilimuahidi.

kasi_ya_mvua
Pole sana dada. Futa dreva yote (programu inayoiwezesha laptopu kuongea na printa), shusha mpya kwenye tovuti ya waliotengeneza printa, halafu zima kila kitu, washa rauta kwanza ndo uwashe printa. Ikigoma kabisa chomeka printa kwa kebo ya USB kwenye laptopu moja, wengine waitumie kupitia hapo.

fundi_waya
Dada usiirudishe, printa yako ni nzima. Na mkuu hapo juu, njia ya USB inafanya kazi lakini hiyo laptopu lazima iwe imewashwa muda wote, siku mwenye laptopu kaenda nayo kazini nyumba nzima haiprinti, na hapo dada atakuwa amenunua printa ya waifai bure.

Nionavyo mimi una matatizo mawili tofauti yaliyokukuta kwa pamoja, ndo maana unachanganyikiwa. Kabla sijasema kitu naomba namba tatu. Ya kwanza, kwenye printa ingia menyu ya mtandao uprinti karatasi ya taarifa za mtandao, humo tafuta anwani ya IP, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao. Ya pili, kwenye laptopu fungua sifa za printa, nenda sehemu ya poti, yaani mahali laptopu inapotuma dokumenti, angalia ile iliyotikiwa imeandikwa IP gani. Ya tatu, binti akiwa juu afungue taarifa za waifai kwenye simu yake asome IP aliyopewa. Zilete hapa, hizi anwani za ndani ya nyumba hazina siri, mamilioni ya nyumba zinatumia hizihizi.

bi_kalamu
Asante sana, nimefanya. Karatasi ya printa inasema 192.168.0.107. Laptopu yangu kwenye poti imeandika 192.168.0.104. Simu ya binti akiwa juu ni 192.168.1.23. Ila kaka kuna kitu sikielewi, nimeipigia ping (kuijaribu kama inaitika) hiyo 104 inajibu vizuri kabisa, sasa kama inajibu mbona haiprinti?

fundi_waya
Hiyo ping ndo imemaliza ubishi. Ingia kwenye rauta ya chini, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, utakuta 104 amepewa mtu mwingine, nadhani simu ya mmojawapo. Yaani laptopu yako siku zote hizi inatuma dokumenti kwenye simu ya mtu, na simu haijui kuprinti, kwa hiyo foleni inakaa palepale.

Sababu ni hii. Rauta ndo inayogawa anwani kwa kila kifaa, na rauta nyingi za nyumbani zikizimika zinasahau nani alipewa nini. Umeme uliporudi, simu iliwahi kuomba ikapewa 104, printa inachukua muda kuamka, ilivyokuja kuomba ikakuta imeshachukuliwa ikapewa 107. Printa imehama nyumba, laptopu bado inagonga mlango wa zamani. Hata kufuta na kuweka upya kukikusaidia leo, umeme ukikatika tena mnarudi hapahapa.

Dawa ni kuiambia rauta kwamba anwani fulani ni ya printa peke yake. Kwenye ile karatasi kuna namba inaitwa MAC, herufi na tarakimu 12 zimepangwa mbilimbili. Ingia kwenye rauta sehemu ya DHCP, yaani ya kugawa anwani, tafuta kuhifadhi anwani, ingiza hiyo MAC na uipe mfano 192.168.0.150. Zima printa uwashe, printi karatasi tena uhakikishe imechukua 150, ndo uje kwenye laptopu ubadilishe poti iwe hiyohiyo. Sipendi watu waandike IP kwa mkono kwenye printa yenyewe, maana ukichagua namba ambayo iko ndani ya zile zinazogawiwa na rauta, kesho inaweza kumpa kifaa kingine na vyote viwili vikagombana.

Sasa la juu. Angalia hizo namba, printa inaanza na 192.168.0 na simu ya binti inaanza na 192.168.1. Jina la waifai ni moja lakini mna mitandao miwili, rauta ya juu imejitengenezea ya kwake na inagawa anwani zake yenyewe. Printa inajitangaza kwa matangazo yanayoitwa mDNS, na matangazo hayo hayavuki rauta, yanaishia kwenye mtandao wake. Ndo maana binti akishuka anaiona. Jaribu hivi uhakikishe: akiwa juu afungue brauza aandike 192.168.0.107, mimi naamini ukurasa wa printa utafunguka. Njia ipo, kinachokosekana ni tangazo tu.

bi_kalamu
Umefunguka kweli akiwa juu!! Mpaka kiasi cha wino anakiona. Na 104 ni simu ya mume wangu. Nifanyeje sasa na rauta ya juu?

fundi_waya
Rauta ya juu iache kazi ya urauta, igeuke kuwa akses pointi tu, yaani isambaze waifai na kugawa anwani aachiwe wa chini. Rauta nyingi zina setingi ya kugeuza moja kwa moja, ukiikuta tumia hiyo. Kama ni ya zamani haina, fuata huu mpangilio, usiuruke maana ukichanganya utajifungia nje. Chomoa kwanza ile kebo inayotoka chini. Unganisha laptopu kwenye rauta ya juu, ingia, badilisha anwani yake mwenyewe iwe 192.168.0.2, baada ya kuhakikisha ya chini haigawi namba hiyo. Ikishajiwasha ingia upya kwa 192.168.0.2, zima DHCP, hifadhi. Mwisho rudisha kebo, lakini USIICHOMEKE kwenye tundu la WAN (la kuingiza intaneti), lile ambalo mara nyingi lina rangi tofauti na wenzake, ichomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN (ya vifaa vya ndani). Hapo kwenye tundu ndo watu wengi wanapokosea.

Kama Jumatatu inakukimbiza, simu ya Android kwenye setingi za kuprinti ina sehemu ya kuongeza printa kwa IP, binti anaweza kuandika namba akaprinti usiku huuhuu. iPhone menyu yake ya kuprinti haina pa kuandika IP, inasubiri kusikia tangazo, kwa hiyo kwa baba lazima mitandao iwe mmoja.

nyuki_mtulivu
Naongezea kidogo kwa watakaopita hapa baadaye na tatizo lao halifanani na la dada. Printa nyingi zinashika waifai ya masafa ya 2.4 GHz peke yake, kwa hiyo kama rauta umeiweka 5 GHz tupu printa haitaona jina kabisa. Lakini simu ikiwa kwenye 5 na printa kwenye 2.4 za rauta moja haina neno, ni mtandao mmoja. Nyingine ni waifai ya wageni, hiyo imetengenezwa makusudi vifaa visionane, ukiunga printa huko hutaiona milele. Na printa za zamani zikikataa paswedi ambayo una uhakika nayo, angalia kama rauta imewekwa ulinzi wa aina mpya, WPA3 tupu, irudishe kwenye mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Mimi iliyonitesa wiki nzima ilikuwa VPN ya kazini (njia ya siri ya kuunga laptopu na mtandao wa ofisi), laptopu ikiwa ndani ya VPN ilikuwa haiongei na kitu chochote cha nyumbani.

bi_kalamu
Nimerudi wakuu. Rauta ya juu haikuwa na ile setingi ya kugeuza, nikafuata mpangilio wa mkono, kweli tundu la WAN lilikuwa la bluu mengine ya njano nikahamishia kwenye la njano. Printa imekaa 150, nimezima rauta ya chini makusudi mara mbili nikawasha, bado iko 150. Binti ameprinti kurasa sita akiwa kitandani kwake, mimi niko sebuleni nasikia printa inaanza kuvuta karatasi yenyewe, nilifurahi mno. iPhone nayo inaiona juu na chini. Mungu awabariki kwa muda wenu.

Kimebaki kimoja, kuskani kwenda kwenye laptopu yangu kunagoma, kunasema kifaa hakipatikani, wakati kuprinti kunakubali.

fundi_waya
Hongera sana dada. Programu ya kuskani inatunza anwani yake pembeni, kubadilisha poti ya kuprinti hakuigusi. Ifungue, ondoa printa humo ndani kwenye programu tu, iongeze tena kwa kuandika 192.168.0.150. Na laptopu ya mzee ifanyie hivyohivyo kabla hajaanza kulalamika.