Jina Imani ni la Waislamu au Wakristo? Tujadiliane

Baba Kijacho: Wakuu, mimi Muislamu, mke wangu Mkristo, tumekubaliana binti akizaliwa aitwe Imani. Sasa baba mkwe anasema tumempiga chenga, hilo ni jina la Kiislamu. Shangazi yangu naye anasema ni la walokole. Nani yuko sahihi?

Mtoto wa Makorora: Shangazi kapotea. Hicho ni Kiarabu, mzizi mmoja na Amina na Amani, na nguzo za imani ni sita, mtoto yeyote wa madrasa atakutajia. Wasomali na Waarabu wanasema Iman, kama yule mwanamitindo aliyeolewa na David Bowie. Na ni jina la kike, mwanaume kuitwa Imani ni ushamba wa bara tu.

Msoma Waebrania: Fungua Waebrania 11:1, "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo". Sala, roho, dhambi, yote yametoka Uarabuni na kila Jumapili tunayatumia kanisani, mbona hamjatudai?

Imani wa Goma: Ushamba?? Mimi niko mwanaume, Imani nilipewa na baba yangu mzazi. Huku Kivu wanaume tuko wengi na mabinti wako, sawa na Amani na Bahati. Weye wa Makorora, Tanga, nani alikupa kazi ya kugawa majina?

Mtoto wa Makorora: Sijamtukana mtu, nimesema asili. Kwa Waarabu Iman ni mwanamke, nenda kaulize.

Imani wa Goma: Mimi siko Mwarabu.

Mama wa Minneapolis: Huku Wamarekani weusi wanawapa mabinti hilo jina kwa sababu ya Kwanzaa, ile sikukuu yao aliyoianzisha mwanaharakati Karenga 1966, Imani ndo nguzo ya saba, siku yake Januari mosi. Mama mmoja tunayekutana naye shuleni kwa watoto kamwita mwanae hivyo, kwake ni jina la Kiswahili basi, na analitamka kwa fahari kuliko sisi.

Mtoto wa Makorora: Hao lugha wameiokota kwenye sikukuu, hawawezi kutufundisha.

Mama wa Minneapolis: Babu zao walinyang'anywa majina kwa mjeledi, leo wamechagua la kwetu unawaita waokotaji? Nimeumia kweli kaka.

Baba Kijacho: Jamani nimeuliza dini, mimba ina miezi minane.

Imani wa Goma: Mpe Imani, ndugu. Ila huyu wa Tanga kwanza afute ile ushamba.