Kalkulasi kwa wanafunzi wa baiolojia: ibaki lazima, ibadilishwe au ifutwe?

MLETA MADA
Wakuu, mwaka wa kwanza wanajiandaa na UE (mtihani wa mwisho wa semesta), nimeona hili tuliongee sasa. Mimi nilisoma CBG (kemia, baiolojia, jiografia), hesabu yangu ya kidato cha tano na sita ilikuwa BAM basi, ile hesabu nyepesi ya wasiochukua hesabu kamili. Nilipoingia chuo kusomea baiolojia, tukawekwa ukumbi mmoja wa kalkulasi, hesabu ya mabadiliko, na watu wa uhandisi waliotoka PCM (fizikia, kemia, hesabu). Masharti yalikuwa haya: kikokotoo marufuku, karatasi ya kanuni hakuna, ukikosa zaidi ya robo ya vipindi huingii chumba cha mtihani. Nikala sapu, yaani nikarudia mtihani. Jamaa niliyekuwa nalala naye chumba kimoja alidisko (aliondolewa chuo) kwa somo hilo, na kwenye zuolojia alikuwa anatufundisha sisi wote.

Mtadhani nataka lifutwe. Hapana. Leo niko kwenye utafiti wa samaki Ziwa Victoria na kalkulasi naihitaji. Kuna mlinganyo wa Verhulst, mwanahisabati Mbelgiji, wa mwaka 1838: samaki wanaongezeka, wakizidi wanabanwa na chakula na nafasi. Ukiuliza ni lini wanaongezeka kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote, unadiferenshieti kasi hiyo mara moja (unatafuta inavyobadilika), unaweka sawa na sufuri, unapata kwamba ni pale wanapofika nusu ya idadi ambayo ziwa linaweza kubeba. Hapo ndipo unavua kwa wingi bila kula mtaji. (Kinadharia. Sangara hajasoma Verhulst.) Chuoni semesta nzima nilidiferenshieti sin ya log ya x, samaki hata mmoja sikumwona.

Msimamo wangu: somo libaki lazima, ila wapewe darasa lao, kikokotoo kiruhusiwe, na mtihani uulize viumbe na grafu. Nipingeni.

MWALIMU WA HESABU
Nafundisha kozi kama hiyo, natumaini si wewe niliyekupa sapu. Darasa lao wenyewe nani alifundishe? Nina wanafunzi 400 na wasaidizi wawili. Nilishajaribu swali la idadi ya bakteria. Nusu ya darasa walikwama kwenye Kiingereza cha swali kabla hawajaifikia hesabu, na waliojibu waliandika insha ambazo zilinichukua wiki tatu kusahihisha. Sin ya log ya x nasahihisha kwa dakika moja. Si sababu nzuri, lakini ndiyo sababu.

Kikokotoo sitaki kwa sababu nimeona mtu wa mwaka wa kwanza anakibonyeza kutafuta log ya 1, ambayo ni sufuri siku zote.

MWANAFUNZI, MWAKA WA PILI
Mwalimu, kwa heshima zote. Mada ya kwanza kabisa ya BAM ni matumizi ya kikokotoo. Tumefundishwa kukitumia, tukifika kwenu tunanyang'anywa mlangoni.

Na tuseme ukweli, watu wanapita kwa madesa, karatasi za majibu ya kukariri. Maswali ni yale yale ya miaka mitatu nyuma, namba tu zimebadilishwa. Mimi nina B+. Niulize nilikuwa natafuta nini nilipokuwa naintigreti.

MTU WA MAABARA
Mnazunguka mbuyu. Miaka 11 maabara, sijaintigreti hata siku moja. Takwimu ndiyo natumia kila wiki: sampuli ngapi zinatosha, tofauti hii ni ya kweli au ni bahati. Na takwimu ndiyo hatujui, tunabonyeza programu na kuomba Mungu. Kalkulasi ifutwe, muda wake wapewe takwimu.

MFAMASIA
Kaka, kwenye takwimu niko na wewe. Kwenye kufuta hapana. Chukua ALu, dawa ya mseto ya malaria. Artemetha inapungua mwilini ndani ya saa chache, lumefantrini inakaa siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyobaki. Mtu mzima anapewa vidonge 24, vinne vinne mara sita kwa siku tatu. Siku ya pili homa imeshuka, anaacha, vilivyobaki anamwekea jirani. Ili umweleze kwa nini anakosea, wewe mwenyewe lazima uone mkunjo wa dawa kwenye damu: unavyopanda, unavyoshuka, na eneo lililo chini yake, ambalo ndilo jumla ya dawa ambayo mwili umeipata. Eneo hilo ni intigro, ndugu yangu. Unalitumia bila kulisalimia.

MTU WA MAABARA
Eneo hilo linapigwa na kompyuta.

MSOMAJI KUTOKA ELDORET
Niruhusuni niingie kutoka huku Kenya. Mwaka 1994 jarida la Diabetes Care lilichapisha makala ya Mary Tai, akieleza modeli ya kupata eneo chini ya mkunjo wa sukari kwenye damu. Unagawa eneo vipande vyembamba, unajumlisha. Yaani kanuni ya trapeza, ambayo katika 8-4-4, mfumo wetu wa elimu, tumeifanya kidato cha nne! Barua za kupinga zilifuata, na bado makala hiyo imenukuliwa mamia ya mara.

Watu wa hesabu huicheka. Mimi kinachonishangaza ni waliopitia makala kabla haijachapishwa. Wote wasomi, na inaonekana hakuna aliyesema "lakini hii ipo." Naamini hesabu waliisoma wakafaulu, sema waliisomea pahali ambapo sukari haikutajwa. Kwa hivyo ndugu wa maabara, kompyuta itapiga, lakini nani atajua imepiga nini?

MTU WA MAABARA
Sawa, hiyo sikuijua. Lakini takwimu kwanza. Sijahama.

MWALIMU WA HESABU
Ya BAM imenikamata, kikokotoo narudi nacho kwenye kikao cha idara. Mahudhurio silegezi, anayekosa robo ya vipindi hasaidiwi na kikokotoo wala sangara. Mleta mada, una takwimu halisi za samaki? Niletee, zitakuwa swali la kwanza semesta ijayo.

MLETA MADA
Nitaleta, mwalimu. Ila kama nusu ya darasa wanakwama kwenye Kiingereza, si swali uliandike kwa Kiswahili?

MWALIMU WA HESABU
Hiyo ifungulie mada nyingine. Na mimi nitachangia bila kusema nafundisha wapi.