Nimeripoti hitilafu ya kerneli ya Linux, mbona sijibiwi?

Mwanafunzi_Mbale:
Ndugu zangu, kompyuta yangu ilitulia kabisa nilipotumia toleo 6.6 la kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, lakini tangu nilipoweka 6.12 waifai hupotea kila ninapoiamsha kompyuta kutoka usingizini, wala hairudi mpaka niizime na kuiwasha upya. Niliandika taarifa katika tovuti moja ya kupokea hitilafu, nikaambatisha picha ya skrini, na hii ni wiki ya sita sijajibiwa. Je, nimekosea mlango?

Fundi_Kampala:
Ndiyo, naamini umekosea mlango. Kerneli haina dawati moja la kupokea malalamiko. Kila draiva, yaani programu inayoendesha kifaa kama waifai, ina watunzaji wake, na anwani zao zimo katika faili la MAINTAINERS ndani ya msimbo wenyewe. Wengi wao hupokea ripoti kwa barua pepe ya maandishi matupu, kwa sababu orodha zao za barua pepe hukataa barua za HTML, yaani zenye mapambo. Badala ya picha, wapelekee matokeo yote ya dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, tangu kompyuta inapowaka hadi waifai inapopotea. Kwanza, soma faili la /proc/sys/kernel/tainted, linaloonyesha kama kerneli imechanganyika na kitu cha kutiliwa shaka, utuambie inaonyesha namba gani.

Mwanafunzi_Mbale:
Asante sana. Inaonyesha 4096.

Fundi_Kampala:
Maana yake umepakia moduli, yaani kipande cha kuongeza kwenye kerneli, iliyojengwa nje ya msimbo rasmi, na mtunzaji akiiona namba hiyo ana haki ya kushuku kwamba kosa limetoka huko. Iondoe, uwashe upya, kisha ujaribu tena kwa kerneli mpya kabisa ya kernel.org, tovuti rasmi ya kerneli, kwani ile iliyokuja na mfumo wako huenda imefanyiwa mabadiliko na waliouandaa.

Msimbo_Gulu:
Hitilafu ikiendelea, usiishie hapo. Kitu kilichokuwa kikifanya kazi kikaharibiwa na toleo jipya hupewa uzito wa pekee. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, amelisisitiza hilo kwa miaka mingi, kwa hiyo lieleze katika mstari wa kwanza wa barua. Jaribu matoleo ya katikati, 6.9 kisha mengine, hadi upate mawili yanayofuatana, moja zima na jingine bovu. Kati yake kwa kawaida kuna mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini git bisect, amri ya git (programu inayotunza historia ya msimbo), huyagawa nusu kwa nusu, na kwa majaribio 14 hivi utalishika badiliko lenyewe. Ni kazi ya siku kadhaa kwenye kompyuta dhaifu, na kupakua msimbo wote hula gigabaiti kadhaa za bando. Hata hivyo git hukumbuka ulipofika, hivyo umeme ukikatika hutaanza upya. Ukishalipata, mwandikie aliyeliandika badiliko hilo, na nakala uwapelekee watunzaji wa draiva.

Mwanafunzi_Mbale:
Moduli nimeiondoa, sasa inaonyesha 0, na waifai bado inapotea. Usiku huu naanza na 6.9.