Arch Manning baada ya kichapo cha Columbus, mnamuonaje?

mgosi_wa_houston

Wakuu habari za Jumapili. Mwenzenu sijalala vizuri. Naandika hapa kwa sababu kazini kwetu Mswahili anayefuatilia futiboli ya Kimarekani ya vyuo ni mimi peke yangu, na Wamarekani nilio nao tangu jana ni makelele tu kuhusu Arch Manning, kwotabeki wetu wa Chuo cha Texas (ndiye anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi), huyu anasema dogo ni feki yule anasema subirini mwakani. Nataka kusikia watu waliokaa wakaangalia mechi yenyewe mwanzo mpaka mwisho.

Kwa ambaye hakuona. Jana tarehe 30 Agosti 2025 Texas tumeenda Columbus tukiwa namba 1 kwenye kura za AP za kabla ya msimu (waandishi wa habari wanazipanga timu kwa ubora), na haijawahi kutokea katika historia ya chuo tukaanza msimu tukiwa hapo juu. Tukakutana na Ohio State mabingwa watetezi, tukapigwa 14-7. Arch pasi 17 kati ya 30, yadi 170, tachidauni moja (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa wapinzani), pasi moja ikanaswa na wapinzani. Ukizisoma hivyo unaweza kusema si mbaya, ila mimi niliketi tangu saa 5 asubuhi kwa saa za huku na nyingi ya hizo yadi zimekuja robo ya nne maji yakiwa yashafika shingoni. Nusu ya kwanza yote hakufikisha hata yadi 30 za pasi. Thelathini jamani.

Kinachoniuma zaidi ni zile pasi fupi. Mtu yuko pembeni yadi tano tu, peke yake, halafu mpira unamfikia magotini au nyuma ya bega. Nimerudisha video nyuma mara nyingi usiku nikaona mkono unashuka, anarusha kwa ubavu kama mtu anayerusha kijiwe kiruke juu ya maji, na mguu wa mbele bado haujatua vizuri. Sasa mnisaidie, hii ni presha ya siku moja au ndivyo alivyo na sisi tulikuwa hatujamjua? Na kocha Sarkisian mnampa lawama kiasi gani?

kitasa_dallas254

Pole sana mgosi, hata mimi niliingia church leo nikiwa na kichwa kizito.

Ukweli ni kwamba hatukuwa tunamjua. Kabla ya jana alikuwa ameanza mechi mbili pekee maishani mwake chuoni, zote 2024 wakati kwotabeki namba moja Quinn Ewers alikuwa ameumia, Louisiana-Monroe na Mississippi State, na zote tulikuwa nyumbani Austin. Iliyotupumbaza ni ile ya UTSA, aliingia katikati ya mechi akarusha tachidauni nne na nyingine akakimbia mwenyewe yadi 67, siku hiyo kila mtu akasema basi mfalme amefika. Lakini mtu akiingia bila kutegemewa dhidi ya UTSA na mtu akianza ugenini kwa bingwa hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Halafu kuna jina. Babu ni Archie, baba wadogo ni Peyton aliyechaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya 1998 (timu za kulipwa za NFL zinapochagua vijana wa vyuo) na Eli aliyechaguliwa wa kwanza 2004, wote makwotabeki, sasa watu wakaona mtoto wa nyoka ni nyoka wakafunga mjadala. Mimi naona zile kura za namba 1 zilipigiwa jina. Kijana mwenyewe hakuziomba, alikaa benchi miaka miwili kimya, hakuhama chuo kama vile wengine wote wanahama siku hizi, na kwa hilo nitamheshimu hata akipigwa tena.

Bukavu_Columbus

Bandugu jambo. Miye nakaa huku Columbus, kwetu ni Bukavu. Musifikiri siye tulikuwa tumetulia, hapana. Kwotabeki yetu Julian Sayin naye ilikuwa mara yake ya kwanza kuanza mechi, mutoto alitoka chuo ya Alabama kisha kocha yabo Saban kuacha kazi, akaketi benchi mwaka muzima. Ile asubuhi huku mujini kulikuwa furaha mingi, ilikuwa siku ya mwisho ya mutangazaji muzee Lee Corso kwa televisheni, akavaa kile kichwa cha Brutus, kikaragosi ya timu yetu, batu bazima banalia. Lakini mechi ilipoanza kwetu mu salon hakuna mwenye aliongea sana, woga tu.

Muangalie tofauti yenye iko pale. Kocha yetu Ryan Day hakumuomba Sayin afanye maajabu. Pasi 13 kwa 20, yadi 126, hakuna hata moja yenye ilinaswa. Yote pamoja siye tulipata yadi 203, nyinyi 336. Mulitushinda kwa yadi na mukapoteza mechi! Ya mukubwa ilikuwa moja tu, ile ya yadi 40 kwa Carnell Tate mu robo ya ine, njo ilitupa pumuzi.

Na difensi. Kocha ya difensi Matt Patricia, ule mwenye alikuwaka kwa Patriots ya NFL, ilikuwa mechi yake ya kwanza na siye. Banajipanga kama vile beko banakuja bote, mupira ikianza nusu yabo banarudia nyuma. Beki yetu Caleb Downs unamuona fasi moja, ukifunga macho eko fasi ingine. Mutoto wa miaka 21 kuona ile kwa mara ya kwanza, mu batu zaidi ya 107,000 benye kupiga makelele hata hausikie sauti yako, miye sitamucheka. Alinitia huruma, na miye ni mutu wa Ohio State.

dada_wa_ubungo

Habarini. Mimi niko Dar, kaka yangu anaishi Austin ndiye kaniingiza kwenye huu mchezo mwaka jana, jana nimeangalia naye kwa simu, huku ilikuwa saa 1 usiku. Naomba kuuliza na msinione mjinga, hivi kwa nini Texas walikuwa hawapigi ule mkwaju wa pointi tatu? Walifika karibu kabisa, hatua moja kuingia, wakakataliwa. Mimi nilijua kwa hali ile unachukua pointi zako unaondoka, kaka akaniambia "kocha ndivyo alivyo" akanyamaza, naona alikuwa na hasira.

mgosi_wa_houston

Dada swali lako ndilo linaloniumiza kichwa, wala si la kijinga.

Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Likifika la nne una hiari, upige mkwaju, uupige mpira mbali kumrudishia mwenzio, au ujaribu tena na ukishindwa unaukabidhi hapo hapo. Jana tumejaribu la nne mara tano tukapata moja. Hiyo unayoisema ni robo ya tatu, tuko nyuma 7-0, tumebakiza yadi moja. Arch akaushika akajisukuma mwenyewe katikati ya lile rundo, na wenzetu walijua ndicho kitakachofanyika kwa sababu ana urefu na mwili mkubwa. Kiwiliwili kikasimama kabla ya mstari, watu wakalala juu yake, refa akaonyesha mkono upande mwingine. Nilikaa chini sebuleni.

Hesabu mtu atakwambia pointi tatu zisingetosha, 14-10 bado tumefungwa. Kweli. Lakini kwotabeki mpya, ugenini, nusu ya kwanza yote hajapata kitu, ukimpa pointi tatu anarudi benchi akiwa amevuna kitu. Badala yake alirudi mikono mitupu na baadaye robo hiyo hiyo ndipo ile pasi ikanaswa na Jermaine Mathews. Mimi nayaona ni mambo yanayoshikana.

kitasa_dallas254

Hapo kwa kocha mimi sikubali. Difensi yetu ilikuwa inawazuia vizuri sana, ukiwaachia mpira kwenye yadi moja yao wanaanza wakiwa wamekabwa koo. Sarkisian aliamini difensi yake na ilimlipa, hawa watu wamepata yadi 203 mechi nzima! Kosa ni ile mbinu yenyewe, sio kujaribu. Tuna wakimbiaji wa mpira, tuna Wisner, tuna Baxter, unamtumaje kwotabeki kichwa mbele pale katikati?

Na hatujaongea juu ya ukuta wa mbele, wale watano wanaomlinda kwotabeki. Wanne kati ya watano walioanza mwaka jana wameenda, Kelvin Banks pekee amechaguliwa wa tisa kwenye drafti na Saints. Marisiva (wanaodaka pasi) pia, Matthew Golden yuko Packers, Bond hayupo, Helm hayupo. Watu wanasema Arch ana timu ya ubingwa, timu gani? Hii ni timu mpya imevaa jezi ya zamani.

mzazi_wa_namba12

Samahanini nitaandika refu kidogo. Kijana wangu anacheza kwotabeki sekondari hapa hapa Texas, miaka minne sasa jioni zangu ni kukaa kwenye mabenchi ya chuma na kusikiliza makocha wake wakimfokea kuhusu miguu, kwa hiyo jana nilikuwa naangalia miguu ya Arch tu.

Mgosi umeona mkono unashuka na umeona sawa, ila mkono ndio unaoonekana, tatizo linaanza machoni. Kwotabeki akirudi nyuma na mpira hatua zake zinafungamana na mbio za risiva. Hatua ya tatu inatua, risiva anageuka, mpira unatoka, hakuna kufikiri pale katikati, mkichelewa hata nusu ya pumzi beki ameshafika. Sasa Patricia anakuonyesha picha moja kabla ya mpira kuanza, ukirudi nyuma picha imebadilika kama alivyosema ndugu wa Columbus. Kijana anatua hatua ya tatu, anaona si alichokitegemea, miguu inaganda. Anaongeza kahatua kadogo, kengine, halafu anakumbuka lazima arushe, na mwili sasa umesimama wima, nguvu ya kiuno imekwisha, kilichobaki ni mkono peke yake. Mkono ukiachwa peke yake unashuka ubavuni. Ndiyo maana mpira unaenda magotini. Mwanangu alifanya hivyo hivyo mwaka wake wa kwanza na nilikuwa namgombeza bure kwa kumwambia "nyanyua mkono", kocha wake akaniita pembeni akaniambia mzee mkono wa mtoto hauna shida.

Ushahidi wangu ni ile tachidauni. Robo ya nne, tuko chini 14-0, tuna haraka, hakuna tena muda wa kusubiri picha ibadilike, ameona Parker Livingstone amechomoka, miguu imetua, kiuno kimegeuka, mpira yadi 32 ukaenda juu ukashuka pale pale panapotakiwa. Mkono ni ule ule! Kwa hiyo swali la kwamba hana uwezo mimi nalifuta. Swali ni ataijifunza lini hiyo picha ya pili, na hilo halina njia ya mkato, ni mechi juu ya mechi.

Wasiwasi wangu ni mwingine. Timu zote zijazo zina hiyo video sasa. Florida watamwonyesha kitu hicho hicho tarehe 4 Oktoba kule kwao, na wiki inayofuata Oklahoma watamwonyesha pale Dallas.

dada_wa_ubungo

Ahsante sana mzazi, nimeirudia ile tachidauni sasa hivi nikiangalia miguu, kweli kabisa iko tofauti. Na ile ya mwisho? Nilidhani tunasawazisha.

mzazi_wa_namba12

Ya mwisho dada ilikuwa jaribio la nne wanatakiwa yadi tano, akamrushia mwenzake Endries, akaudaka, akaangushwa kabla ya kufika mstari. Pasi yenyewe ilikuwa salama, ilikuwa fupi tu. Aliona watu wamerudi nyuma wote akachukua kilichokuwa mbele yake. Siku akiwa na mechi 10 kifuani nadhani atasubiri kidogo amtafute mwingine nyuma yake.

Bukavu_Columbus

Na miye naongeza kitu kimoja kwa bandugu ba Texas. Mwaka jana siye tulipigwa na Oregon 32-31, tukapigwa tena na Michigan 13-10 hapa nyumbani, batu huku balitaka kocha afukuzwe, miye mwenyewe nilizima televisheni. Mwezi wa kwanza tukabeba kombe. Ni timu 12 zenye zinaingia sasa mu michuano ya kombe, kupoteza moja ugenini kwa pointi saba haikutoshe mule.

mgosi_wa_houston

Ndugu wa Columbus Mungu akubariki, umetufunga na bado unatufariji.

Nimekuja Houston 2004 nikiwa sijui hata mpira huu unashikwaje. Mwaka uliofuata Vince Young, kwotabeki wa Texas na mtoto wa hapa hapa Houston, akaenda huko huko Columbus akashinda 25-22, na Januari akawapiga USC 41-38 ubingwa ukaja. Tangu hapo nimenasa. Nadhani ndiyo maana jana imeniuma hivi, nilikaa pale nikisubiri 2005 ijirudie na nikambebesha Arch mzigo wa mtu mwingine juu ya mzigo wa ukoo wake. Hata Peyton mwenyewe mwaka wake wa kwanza NFL na Colts pasi 28 zilinaswa na akashinda mechi tatu tu, na hakuna aliyemwandika feki moja kwa moja.

Kwa kocha bado sijamsamehe ile ya yadi moja, kitasa hapo tutabishana mpaka Oktoba.

Jumamosi San José State wanakuja Austin. Sitaangalia matokeo sana maana pale tunatakiwa kushinda tu, nitaangalia hatua ya tatu ikitua mpira unatoka au hautoki. Mzazi naomba uwepo hapa, nitaandika ninachoona robo kwa robo na wewe unisahihishe.

mzazi_wa_namba12

Nipo. Mwanangu anacheza Ijumaa usiku, Jumamosi niko huru. Angalia na mguu wa mbele unaelekea wapi, kidole gumba kikielekea kwa risiva tuko salama.